Kipimo, Tasa na Mnyororo: Tahakiki ya Istilahi za Dimensheni ya Pete kwa Kuangalia Mwambao wa Wabajuni

Ikisiri

Nadharia ya dimensheni ya pete zenye ubadilishano imesimama juu ya tendo moja, nalo ni kuhesabu hatua katika mnyororo wa ideali tasa. Makala haya yanahakiki maneno matatu ambayo mfasiri wa Kiswahili huyashika kwanza anapoifikia nadharia hiyo, yaani kipimo, tasa na mnyororo. Yanadai kwamba kila moja humpotosha msomaji kwa njia yake, na kwamba kosa halimo katika maneno yenyewe bali katika desturi ya kuyaokota moja moja bila kuisoma fasili nzima. Mifano imetolewa katika visiwa vya Wabajuni na mwambao wa Kismayu, mahali ambapo Kiswahili kimezungumzwa kwa karne nyingi lakini hakijapata kuwa lugha ya somo la hisabati.

Utangulizi

Mwaka 1928 Wolfgang Krull, mwanahisabati wa Ujerumani, alichapisha makala kuhusu minyororo ya ideali tasa katika pete. Miaka saba kabla yake, mwaka 1921, Emmy Noether alikuwa ameonyesha jinsi mambo mengi yanavyonyooka katika pete ambamo kila mnyororo wa ideali unaozidi kukua hatimaye husimama. Krull alichukua wazo la mnyororo akaliuliza swali jingine: je, mnyororo wa ideali tasa waweza kuwa mrefu kiasi gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa leo dimensheni ya pete. Neno lenyewe lilikuwa la zamani katika jiometria, ambako kila mtu alikuwa na hisi kwamba nukta haina dimensheni, mstari una moja, uso una mbili, na mahali tunapoishi pana tatu. Jipya kwa Krull ni kuipata hesabu hiyo bila mchoro, bila rula na bila jicho, kwa kutazama tu seti ipi imo ndani ya seti ipi.

Kiswahili kina deni katika jambo hili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na jina lake lenyewe linaonyesha kwamba hisabati ilisubiri. Istilahi za hesabu za shule ya msingi zimekomaa nchini Tanzania, na mtoto wa darasa la tano hutofautisha kigawo na kigawe kwa irabu moja tu bila kutatizika. Juu ya ngazi hiyo msomi huvuka akaingia katika Kiingereza, na anayetaka kurudi na mzigo wake huokota maneno njiani: hili kutoka kamusi ya jumla, lile kutoka kitabu cha fizikia.

Upande wa kaskazini wa mwambao deni ni kubwa zaidi. Mtoto wa Koyama, Chovai au Chula hulelewa katika Kibajuni, au Kitikuu, lahaja ambayo mtu huitwa mchu na watu huitwa wachu. Kisomali kilipopewa hati ya Kilatini mwaka 1972 na kufanywa lugha ya shule, mtoto huyo alikwenda Kismayu kujifunza kugawanya na kuzidisha kwa Kisomali. Jamaa zake wa upande wa Kenya, Faza na Kiwayuu, walifundishwa hesabu kwa Kiingereza. Kwa hiyo neno kama “namba tasa” ni la nyumbani kwa mwanafunzi wa Dodoma, ambaye pengine hajaiona bahari, na ni la ugenini kwa mwana wa lahaja ya Kiswahili ya pwani. Tangu Machi 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo inakikuza Kiswahili. Si haki kwa Mbajuni kupokea istilahi ambazo hakuna aliyezijaribu mbele ya bahari yake.

Kipimo

Neno la kwanza kumjia mfasiri wa dimensheni ni kipimo. Anayo sababu. Chumba huelezwa kwa vipimo vyake, yaani urefu, upana na kimo, navyo ni vitatu. Tatizo ni kwamba kila kimojawapo ni kipimo kwa sababu kina kiasi: mita nne, mita tatu, mita mbili na nusu. Dimensheni haina kiasi cha namna hiyo. Chumba kikubwa na kibweta cha wino vyote vina dimensheni tatu.

Asili ya neno inalidhihirisha hili vizuri zaidi. Kipimo ni mwana wa kupima, na ndugu yake wa baharini ni pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takriban futi sita. Nahodha anayepita kati ya mwamba na bara kusini ya Kismayu hutumbukiza bildi, husoma kamba, kisha husema maji ni pima tatu au pima nane. Hicho ndicho kipimo cha kweli. Maji yakipwa, pima nane zitakuwa saba, lakini dimensheni ya bahari haipwi wala haijai. Ikiwa tutaita vyote viwili kipimo, tutakuwa tumemnyang’anya nahodha neno lake ili tulipe jambo ambalo yeye hajawahi kulipima.

Kuna hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Hisabati yenyewe inalihitaji neno kipimo mahali pengine. Tangu kazi ya Henri Lebesgue mwaka 1902 kumekuwa na nadharia nzima ya vipimo, inayoshughulika na urefu, eneo na ujazo wa seti, yaani viasi hasa. Mwanafunzi atakayekuta kipimo katika nadharia zote mbili atashindwa kusema jambo la kawaida kabisa: kwamba mstari uliolazwa juu ya uso una dimensheni moja na kipimo cha eneo lake ni sifuri. Sentensi hiyo ikiandikwa kwa neno moja inajipinga.

Wapo watakaotaka kimo. Pendekezo hilo lina uzuri wake, maana Krull na waliomfuata huzungumzia kimo cha ideali tasa: idadi ya hatua kutoka ideali hiyo kushuka hadi ideali tasa iliyo chini kuliko zote. Dimensheni ya pete ni kimo kikubwa kuliko vimo vyote vya ideali tasa zake. Lakini hilo ndilo linalotulazimu kulihifadhi kimo kwa kazi hiyo moja. Istilahi inayobaki ni dimensheni, neno la kukopa, lisilopendeza sana sikioni, ambalo angalau halidanganyi. Kukopa si aibu kwa lugha iliyokopa bandari na bendera.

Tasa

Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Neno limeshika, na hakuna atakayeling’oa. Hata hivyo mhakiki ana wajibu wa kusema kwamba taswira yake imegeuzwa juu chini. Tasa ni asiyezaa. Namba 2, 3, 5 na 7 zinazaa sana: kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja, isiyo tasa, ni zao la namba tasa zilizozidishwa. Zisichonacho ni wazazi. Aliyezibatiza alitazama chini, akakosa kuona vigawo, akadhani hakuna watoto, kumbe aliokuwa akiwatafuta ni wazee. (Ukali wa neno hili linapotajwa mbele ya wanawake wa pwani ni suala jingine, na linastahili mjadala wake.)

Katika namba za kawaida upotovu huo haudhuru. Katika ideali unadhuru, na ili kuona namna gani, yafaa fasili iwekwe wazi. Pete ni seti ambamo mtu anaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha bila kutoka nje yake, kama namba nzima zilivyo. Ina ubadilishano iwapo a mara b ni sawa na b mara a. Ideali ni sehemu ya pete yenye tabia ya kumeza: ukijumlisha viwili vyake unabaki ndani, na ukizidisha chake chochote kwa kitu chochote cha pete, zao huangukia ndani. Vigawe vyote vya 6 ni ideali katika namba nzima. Jina hili lilitokana na “namba za kubuni” za Ernst Kummer katika miaka ya 1840, zilizodhaniwa kuwapo kimawazo tu. Atakayelitafsiri kwa bora au kamilifu atakuwa amefasiri kamusi badala ya hisabati.

Ideali isiyokuwa pete nzima ni tasa iwapo kila mara zao la vitu viwili linapokuwa ndani, angalau kimojawapo kilikuwa ndani tangu mwanzo. Vigawe vya 6 si ideali tasa, kwa kuwa 2 mara 3 imo ilhali 2 haimo wala 3 haimo. Vigawe vya 5 ni tasa. Sifuri peke yake pia ni ideali tasa katika namba nzima, kwani zao haliwi sifuri bila mmoja wa wazidishwa kuwa sifuri.

Maana ya sharti hili hujitokeza likitazamwa baharini. Visiwa vya Wabajuni vimepangana juu ya mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na bara, kutoka karibu na Kismayu hadi upande wa Ras Kiamboni. Tuchukue, kwa kurahisisha, kwamba mwamba ni mstari ulionyooka, na ufuo wa bara ni mstari mwingine ulio sambamba nao. Tuite x umbali wa mashariki au magharibi kutoka kwenye mwamba, na y umbali wa kaskazini au kusini kutoka kisiwa kimoja kilichochaguliwa, tuseme Chovai. Mwambani x ni sifuri. Ufuoni, kizio kimoja upande wa magharibi, x + 1 ni sifuri.

Sasa zitazamwe polinomia zote za x na y. Zile zinazokuwa sifuri katika kila nukta ya mwamba ni zile zenye kigawo x, nazo ni ideali. Je, ni tasa? Ndiyo: zao la polinomia mbili likiwa sifuri mwambani kote, mojawapo ilikwisha kuwa sifuri mwambani kote. Lakini zichukuliwe zile zinazokuwa sifuri mwambani na ufuoni pamoja. Zao la x na x + 1 limo, ilhali x peke yake haimo, kwa kuwa ufuoni si sifuri, na x + 1 peke yake haimo, kwa kuwa mwambani si sifuri. Ideali hiyo si tasa. Kilichoikosesha utasa ni kwamba inahusu mahali pawili vilivyofungwa pamoja kama mzigo mmoja. Ideali tasa, basi, ni ideali ya mahali pamoja pasipopasuka. Hapa hakuna suala la kuzaa wala kutozaa. Neno tasa litumike kwa sababu limezoeleka, lakini mwalimu alifundishe kwa maana ya kitu kizima kisichogawika, wala asimwachie mwanafunzi taswira ya ugumba akaenda nayo katika nadharia ambamo ideali tasa moja inaweza kuwa ndani ya nyingine, na hiyo ndani ya nyingine tena.

Mnyororo

Mtu akisema “mnyororo wa visiwa” anamaanisha vilivyoandamana: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula. Hakuna kisiwa kilicho ndani ya kisiwa. Mnyororo wa Krull si huo. Ni wa kasha ndani ya kasha, na neno la Kiswahili, kama lile la Kijerumani alilotumia yeye, halilisemi hilo. Mfasiri asipoongeza kwamba kila ideali imo ndani ya inayofuata bila kuwa sawa nayo, msomaji atahesabu kitu kisichokusudiwa.

Bahari ileile inaonyesha mnyororo wa kweli. Chovai, ikichukuliwa kama nukta, imo katika mstari wa mwamba; mstari wa mwamba umo katika uso wa bahari. Ideali zake zinakwenda kinyume. Bahari nzima ina ideali ya sifuri tu, kwa kuwa hakuna polinomia nyingine inayokuwa sifuri kila mahali. Mwamba una ideali ya vigawe vya x. Chovai ina ideali kubwa zaidi, ya polinomia zote zinazotokana na x na y pamoja. Mahali panapopungua, masharti yanaongezeka. Nahodha aliyeambiwa tu kwamba chombo kimo baharini hajaambiwa kitu. Aliyeambiwa kiko mwambani ameambiwa jambo moja. Aliyeambiwa kiko Chovai ameambiwa mawili. Makosa mengi ya wanaoanza somo hili hutokana na kutojua kama wanahesabu mahali au wanahesabu masharti, na lugha inayotumia juu, chini, kubwa na ndogo bila kutaja upande ndiyo inayoyapalilia.

Ideali ni tatu, lakini hatua ni mbili. Hapa ndipo mnyororo hukosea mara ya pili, maana mhunzi huhesabu pingili, ilhali Krull huhesabu vivuko kati ya pingili. Msafiri anayetoka Koyama akapitia Ngumi na Chovai hadi Chula amegusa visiwa vinne na kuvuka mara tatu. Dimensheni ya pete ya polinomia za x na y ni mbili, kwa sababu hakuna mnyororo wa ideali tasa wenye vivuko zaidi ya viwili ndani yake. Tukiongeza kina cha maji, z, dimensheni itakuwa tatu. Kwa hiyo “urefu wa mnyororo” uelezwe daima kuwa ni idadi ya hatua.

Namba nzima nazo zina mnyororo wao, na ni mfupi: sifuri, kisha vigawe vya namba tasa moja. Vigawe vya 2 havimo ndani ya vigawe vya 3, wala vya 3 ndani ya vya 5. Mnyororo mrefu kuliko wote una hatua moja, na dimensheni ya pete ya namba nzima ni moja. Hili ni jambo la ajabu lisilopaswa kupitwa haraka. Maana yake ni kwamba namba nzima, ambazo hazina umbo wala mahali, zina tabia ya mstari, na namba tasa ni nukta zake. 2, 3, 5 na 7 zimekaa kama Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, kila moja peke yake, na ideali ya sifuri ni kama mwamba unaopita chini ya zote. Krull hakuhitaji kuuona mwamba huo. Alihitaji kuuliza tu nini kimo ndani ya nini.

Alama mbili

Kanuni iliyompa Krull nguvu zaidi, aliyoithibitisha pia mwaka 1928, inahusu kinachotokea sharti moja linapowekwa. Katika pete za aina ya Noether, sharti moja haliwezi kuinua kimo kwa zaidi ya hatua moja. Na kwa jumla, masharti n hayawezi kukiinua kwa zaidi ya n. Kwa usahihi, kila ideali tasa iliyo ndogo kabisa kati ya zile zinazobeba vitu n vilivyotajwa ina kimo kisichozidi n.

Mvuvi anaielewa kanuni hii kwa mikono. Anayetafuta mwamba mdogo uliofichwa na maji hulinganisha alama mbili za nchi kavu, labda mti na kichwa cha kilima, mpaka moja iwe mbele ya nyingine. Hapo yuko katika mstari fulani, lakini hajui yuko wapi katika mstari huo. Hulinganisha jozi nyingine ya alama upande wa pili, na mistari miwili inapokatana ndipo anapotia nanga. Jozi moja hukata dimensheni moja. Jozi mbili hukata mbili, isipokuwa jozi ya pili ikiwa katika mstari uleule wa kwanza, ambapo haimpi chochote kipya. Ndiyo sababu Krull anasema “si zaidi ya” badala ya “sawasawa na”. Maneno hayo matatu hudondoshwa kwa urahisi katika tafsiri, na yakidondoka kanuni inakuwa ya uongo.

Mfano wa bahari una ukingo wake. Masayoshi Nagata wa Japani, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alionyesha pete ya aina ya Noether ambamo kila ideali tasa ina kimo chenye kikomo, lakini vimo hivyo vinazidi kukua bila mwisho, hivyo dimensheni ya pete yenyewe haina kikomo. Hakuna bahari ya namna hiyo. Mwandishi wa Kiswahili atakayefika hapo lazima auache mtumbwi ufuoni na kushika fasili peke yake, na hapo ndipo ubora wa istilahi utakapojulikana, kwa sababu hakutakuwa na taswira ya kuifichia kasoro.

Fasili

Yapo madai kwamba Mbajuni hana haja na Krull. Madai hayo yalitolewa pia kuhusu fizikia ya Tanzania kabla ya 1990, na pengine yalikuwa ya kweli kwa watu wengi. Lakini istilahi hazitungwi kwa ajili ya wengi wa leo tu, na mwana wa Kismayu atakayesoma hisabati hadi kufika huko atakuwa na lugha ya mama yenye pima, bildi, kina na mkondo, maneno ambayo kamati iliyoketi mbali na maji huyaona ya kizamani. Kimo na kina vinahitajika katika nadharia hii kila siku. Havikuhitaji kubuniwa.

Fasili inayopendekezwa ijaribiwe darasani kwa maneno haya: Dimensheni ya pete yenye ubadilishano ni idadi kubwa kabisa ya hatua n inayopatikana katika mnyororo wa ideali tasa ambamo kila ideali, isipokuwa ya mwisho, imo ndani ya inayofuata bila kuwa sawa nayo, na iwapo hakuna idadi iliyo kubwa kabisa, dimensheni haina kikomo. Imebaki kasoro moja ndani yake. Neno “hatua” halielezi kama mtu anapanda au anashuka, na katika pete za kawaida hilo si kitu, kwa kuwa idadi ni ileile. Litakuwa kitu pale kimo na kina vitakapotajwa katika sentensi moja, kimo kikihesabiwa kutoka ideali kushuka, na kina kutoka ideali hiyohiyo kupanda. Msikilizaji wa pwani atashangaa kusikia kwamba kina kinapanda.